Ukishambuliwa na Kujeruhiwa: Mwongozo Kamili wa Kesi ya Shambulio Tanzania Bara, Kuanzia PF3 Hadi Rufaa

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye benchi la nyuma la Mahakama ya Mwanzo nikimsikiliza mama muuza mboga akieleza jinsi jirani yake alivyompiga kwa mpini wa jembe. Aliinua mkono wake wa kulia, na kovu likaonekana hata kule nilikokaa. Hakimu akashusha macho kwenye PF3, yaani fomu ya polisi inayojazwa na daktari, akayainua, kisha akamuuliza taratibu: «Mama, mbona hapa daktari ameandika mkono wa kushoto?» Mama hakuwa na jibu, kwa sababu hakuwahi kuisoma ile fomu. Aliipokea ikiwa imekunjwa, akaitia kwenye mkoba, akairudisha kituoni vilevile ilivyokuwa. Mshtakiwa aliachiwa huru.

Naanza na tukio hilo kwa sababu kesi ya shambulio husimama juu ya mambo matatu yanayopaswa kusema neno moja: mwili wa aliyeumizwa, karatasi zilizoandikwa siku za mwanzo, na mdomo wa shahidi siku ya kusikilizwa. Hakimu hakuwepo siku ya ugomvi, na kovu analoonyeshwa leo haliwezi kumwambia limetoka kwa nani. Mwongozo huu unafuata safari nzima ya kesi ya namna hiyo, nikitazama zaidi upande wa aliyeumizwa, ingawa nimetenga sehemu kwa ajili ya anayetuhumiwa, kwa kuwa haki yake nayo hupotea kwa uzembe uleule.

Mwongozo unahusu Tanzania Bara, ambako makosa haya yamo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na utaratibu wake umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Zanzibar ina sheria zake, ikiwamo Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2018, na msomaji wa huko asizichukue namba za vifungu nilizoziandika hapa. Namba hizo ni za Toleo la Marekebisho la mwaka 2022. Baada yake limetoka Toleo la 2023, kwa hiyo anayeandaa nyaraka za mahakamani alinganishe namba kwanza kabla ya kuandika.

Jua kosa lako linaitwaje kabla ya kufika kituoni

Mtaani tunasema «kapigwa» au «kajeruhiwa» kana kwamba ni kitu kimoja. Sheria hutenganisha, na umbali kati ya kosa moja na jingine hupimwa kwa miaka ya kifungo.

Ngazi ya chini kabisa ni shambulio la kawaida, kifungu cha 240, ambalo adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka 1. Hapa huingia kofi lisiloacha alama, kusukumwa, au kumkunja mtu shati. Kanuni ya Adhabu haikutoa tafsiri ya neno shambulio, na kifungu cha 4 chenyewe kinaelekeza kwamba Kanuni isomwe kwa misingi ya tafsiri ya sheria ya Uingereza. Katika misingi hiyo si lazima mkono ukufikie: mtu akikunyanyulia panga kwa karibu na kukufanya uamini kwamba unakatwa sasa hivi, tayari amekushambulia, hata kama panga lilishuka hewani.

Ngazi inayofuata ndiyo inayojaza madaftari ya Mahakama za Mwanzo, yaani shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, lenye kifungo kisichozidi miaka 5. Kinachotakiwa kuthibitishwa hapa ni mambo mawili: kwamba kulikuwa na shambulio, na kwamba shambulio hilo lilileta madhara. Kifungu cha 5 kinayaelezea madhara kwa upana, kuwa ni maumivu, ugonjwa au hitilafu yoyote ya mwili, iwe ya kudumu au ya muda. Jicho lililovimba kwa siku nne linatosha.

Kisha kuna kujeruhi, kifungu cha 228. Neno jeraha lina maana finyu kisheria: ni mkato au tundu linalopasua utando wa nje wa mwili, na utando wa nje ni ule unaoweza kuguswa bila kupasua utando mwingine. Maana yake ni kwamba mvilio wa damu uliotanda mgongo mzima si jeraha, hata kama unauma kuliko mkato wa wembe. Kwa upande mwingine, mdomo uliopasuka kwa ndani baada ya ngumi ni jeraha, kwa sababu ile nyama ya ndani ya mdomo unaweza kuigusa kwa kidole bila kukata kitu. Daktari akiandika tu «amevimba mdomo» na kuuacha ule mpasuko wa ndani, ameliondoa jeraha kwenye kesi bila kujua.

Juu zaidi kuna kusababisha madhara makubwa, kifungu cha 225, ambapo kifungo hufika miaka 7. Madhara makubwa ni yale yanayoleta ulemavu, yanayohatarisha uhai, yanayodhuru afya vibaya au kwa kudumu, yanayoharibu sura kwa kudumu, au yanayofikia kuwa dhara la kudumu au dhara zito kwa kiungo cha nje au cha ndani. Lisome vizuri lile neno «au». Nimewahi kumsikia mpelelezi akisisitiza kwamba mkono uliovunjika si madhara makubwa kwa kuwa utaunga. Sivyo sheria ilivyoandikwa. Dhara likiwa zito linatosha, na si lazima liwe la kudumu pia.

Kileleni kuna kifungu cha 222, kinachohusu vitendo vinavyofanywa kwa nia ya kuleta madhara makubwa, ambako adhabu hufika kifungo cha maisha. Kinachokitofautisha na kifungu cha 225 ni nia, wala si ukubwa wa kidonda. Aliyekwenda nyumbani kuchukua panga, akarudi na kukata mara tatu akilenga kichwa, nia yake inasomeka kwenye mwenendo wake. Kumwagia mtu tindikali nako kunaangukia hapa. Palipo na nia ya kuua, shitaka linahama na kuwa jaribio la kuua chini ya kifungu cha 211.

Msomaji aliye Kenya atakuta majina yanayofanana na namba tofauti. Kule shambulio la kawaida ni kifungu cha 250, la kudhuru mwili ni cha 251, na madhara makubwa, kifungu cha 234, adhabu yake hufika maisha. Fomu yao huitwa P3.

Hatua ya kwanza: matibabu na PF3

PF3 ni fomu ya polisi inayomwomba daktari amchunguze aliyeumizwa na kuandika alichokikuta. Utaratibu wa kawaida ni kupita kituoni, kutoa taarifa, kupewa fomu, kisha kwenda hospitali. Ikiwa damu inavuja au mtu amepoteza fahamu, nenda hospitali moja kwa moja na umtume ndugu kituoni kuifuata fomu. Uhai hutangulia karatasi. Fomu yenyewe haiuzwi. Ukiombwa hela ya fomu, omba kuonana na mkuu wa kituo.

Wengi humkabidhi daktari fomu na kunyamaza, na hapo ndipo makosa yanapoanza. Daktari wa zamu ana wagonjwa 40 kwenye foleni, na atakachoandika kitategemea sana unachomwambia na unachomwonyesha. Mweleze kila panapouma, hata pale ambapo hapaonekani kitu. Mwambie ulipigwa na nini, kwa sababu fomu inauliza aina ya silaha, kama ni kitu butu au chenye ncha kali, na «fimbo» haifanani na «kisu» hata kidogo. Mweleze ni saa ngapi ulipigwa, kwani umri wa kidonda ni sehemu ya ushahidi. Fomu inamtaka pia ataje kiwango cha madhara, na ndilo eneo ambalo mara nyingi hujazwa neno moja tu, au huachwa wazi kabisa. Kama umevunjika, picha ya eksirei ipigwe na matokeo yake yaandikwe kwenye fomu, maana «anahisi maumivu ya mkono» na «mfupa wa mkono umevunjika» ni mashtaka mawili tofauti.

Kisha isome kabla hujaondoka. Angalia jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, kulia au kushoto, sahihi ya daktari, jina lake na muhuri wa kituo cha afya. Kosa likionekana, rudi kwa daktari palepale, arekebishe mwenyewe na kuweka sahihi pembeni. Usirekebishe wewe kwa kalamu yako, hata kama ni herufi moja, kwani herufi hiyo itakuwa zawadi kwa upande wa pili. Piga picha ya kila ukurasa kisha uirudishe fomu kwa mpelelezi. Tunza pia risiti za dawa, kadi ya kliniki na vyeti vya kulazwa. Vitahitajika tutakapofika kwenye fidia.

PF3 ikipotea kesi haijafa. Daktari anaweza kuitwa aeleze kwa mdomo alichokiona, na ushahidi wako mwenyewe kuhusu maumivu yako ni ushahidi. Lakini kesi isiyo na PF3 inalemea upande mmoja, hasa pale mashtaka yanapohitaji kupima kiwango cha madhara.

Hatua ya pili: taarifa kituoni na lile neno la kwanza

Ukifika kaunta, malalamiko yako huandikwa kwenye kitabu cha taarifa na wewe unapewa namba ambayo kila mtu anaiita RB. Iandike. Mambo mengi yatakayofuata yatatafutwa kwa namba hiyo. Kama tukio ni la nyumbani au aliyeumizwa ni mtoto, omba kupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto, ambako utasikilizwa kando ya kelele za kaunta.

Mtaje aliyekupiga kwa jina siku hiyohiyo, kama unamfahamu. Mahakama ya Rufani ilishasema katika shauri la Marwa Wangiti Mwita dhidi ya Jamhuri, lililoripotiwa mwaka 2002, kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa katika nafasi ya kwanza kabisa anatoa uhakika mkubwa wa kuaminika kwake, na kuchelewa bila maelezo kunapaswa kumfanya hakimu ajiulize. Wapo wanaoficha jina kwa kuwa aliyewapiga ni shemeji, wakitarajia kwamba ukoo utalimaliza. Ukoo ukishindwa, wanarudi kituoni baada ya wiki tatu na jina mkononi, na swali la kwanza watakaloulizwa mahakamani ni kwa nini siku ya kwanza walisema wamevamiwa na watu wasiojulikana.

Tukio la usiku lina mtihani wake. Shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, la mwaka 1980, ndilo linalonukuliwa kila siku kuhusu utambuzi wa macho. Mahakama inataka kujua ulimtazama mtu huyo kwa muda gani, mlikuwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa aina gani, na kama ulimjua kabla. Kwa hiyo maelezo yako polisi yasiishie kwenye «kulikuwa na mwanga». Taa ya umeme mlangoni, mbalamwezi na tochi ya simu ni mianga mitatu tofauti. Eleza pia taa ilikuwa wapi, na ilimulika uso wake au mgongo wake.

Mpelelezi atayaandika maelezo yako na kukusomea. Sikiliza hadi mwisho kabla ya kusaini. Kama ameandika «alinipiga kwa mateke» na wewe ulisema ngumi, mwambie asahihishe hata kama ameshakunja uso. Maelezo hayo yataletwa mahakamani siku utakapotofautiana nayo.

Hatua ya tatu: kukusanya ushahidi usiotegemea kumbukumbu

Piga picha za majeraha siku ya kwanza, kisha tena baada ya siku mbili au tatu, kwa kuwa mvilio wa damu hukolea baadaye. Ziache kwenye simu iliyozipiga bila kuzirembesha wala kuzikata, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inapokea ushahidi wa aina hiyo, lakini mahakama itauliza ulitunzwaje. Shati lenye damu lisifuliwe. Likaushe kivulini, lifunge kwenye mfuko wa karatasi, umkabidhi mpelelezi na ushuhudie likiandikwa. Nailoni hulioza.

Kuhusu mashahidi, Sheria ya Ushahidi haidai idadi maalumu, na kifungu cha 143 kinaliweka hilo wazi. Shahidi mmoja anayeaminika anaweza kutosha. Hata hivyo, kama bodaboda watano walikuwepo kijiweni na hakuna hata mmoja aliyeitwa, hakimu anaweza kujiuliza kwa nini. Chukua namba zao mapema, kwani miezi sita baadaye wawili watakuwa wamehamia mji mwingine.

Hatua ya nne: kesi inaenda mahakama ipi, na ni ya nani

Mashauri mengi ya vifungu vya 240 na 241 hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako kila kitu huendeshwa kwa Kiswahili na ambako mlalamikaji anaweza kupeleka malalamiko yake mwenyewe. Makosa mazito hupelekwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na huko mwendesha mashtaka kutoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka huendesha kesi kwa niaba ya Jamhuri. Chaguo hili si dogo kama linavyoonekana. Mahakama ya Mwanzo iko karibu na ina haraka, lakini uwezo wake wa kutoa kifungo ni mdogo. Mtu aliyevunjwa taya akikubali kesi yake ipelekwe huko kwa kifungu cha 241 kwa sababu tu ni karibu na soko, ameshapunguza uzito wa shauri lake kabla halijaanza.

Kesi inapokuwa ya Jamhuri, wewe uliyeumizwa ni shahidi. Huna mamlaka ya kuifuta. Mwendesha mashtaka ndiye anayeweza kuiondoa kwa idhini ya mahakama chini ya kifungu cha 98 cha Sura ya 20, na hapo kuna tofauti inayowashtua wengi: ikiondolewa kabla ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, anaachiwa lakini anaweza kushtakiwa tena, ikiondolewa baada ya hapo, anahesabiwa hana hatia na jambo limekwisha.

Ukiwa na nafasi ya kuiona hati ya mashtaka, itazame. Inapaswa kutaja kosa, kifungu na maelezo ya kutosha ya tukio, yaani nani, lini, wapi na kwa namna gani. Tarehe ya kwenye hati ikiwa tofauti na ile watakayoitaja mashahidi, mwendesha mashtaka aombe kuirekebisha mapema, kwani kifungu cha 234 cha Sura hiyohiyo kinaruhusu. Na ikiwa ushahidi utaonyesha kosa dogo kuliko lililoshtakiwa, kifungu cha 300 kinaipa mahakama uwezo wa kumtia mshtakiwa hatiani kwa hilo dogo. Hakuna uwezo wa namna hiyo wa kupanda juu.

Hatua ya tano: siku ya kutoa ushahidi

Vaa kwa staha na ufike mapema. Ukiwa shahidi, kaa nje mpaka uitwe, kwa kuwa shahidi aliyesikiliza wenzake ushahidi wake unapungua uzito. Baada ya kiapo, simulia kwa mfuatano. «Alinipiga sana» haimsaidii hakimu kuandika hukumu. Sema: «Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikuja kutoka upande wa kisima akiwa na mpini wa jembe mkono wa kulia. Alinipiga mara mbili, ya kwanza begani, ya pili nikakinga kwa mkono huu, nikasikia mfupa unalia. Nilianguka. Jirani yangu ndiye aliyemshika.» Sentensi hizo fupi zimebeba silaha, idadi ya mapigo, viungo vilivyoguswa na shahidi anayefuata.

Upande wa pili utakuuliza maswali, na lengo lao ni kukutikisa. Jibu ulichoulizwa tu. Usichokijua sema hukijui. Ukiulizwa kama mlikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na ulikuwepo kweli, kubali, kwani kuukana na kisha kuumbuliwa na shahidi mwingine kutakula hata yale uliyosema kwa ukweli.

PF3 ikitolewa kama kielelezo, kuna utaratibu unaoangusha kesi nyingi hadi leo. Kielelezo cha maandishi kinapaswa kwanza kutambuliwa na shahidi, kipokelewe na mahakama, kisha kisomwe kwa sauti ili mshtakiwa ajue kilichomo, kama lilivyoelekeza shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake lililoripotiwa mwaka 2003. Kisiposomwa, kinaweza kufutwa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa. Katika mahakama zinazotumia Sura ya 20, kifungu cha 240(3) kinaitaka pia mahakama imweleze mshtakiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Mlalamikaji hawezi kumwamuru hakimu, lakini anaweza kumnong'oneza mwendesha mashtaka: «Naomba isomwe.»

Mapatano: lini yanafaa na lini ni mtego

Kifungu cha 163 cha Sura ya 20 kinaipa mahakama uwezo wa kuhimiza mapatano katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito, kwa masharti ya fidia au mengine ambayo mahakama imeyakubali. Ni kifungu kizuri kwa watu wanaochota maji kisima kimoja. Mapatano hayo lakini ni yale yanayoandikwa mbele ya hakimu. Yale ya kwenye baraza la mjumbe, ambayo hela hutolewa kwa awamu na mdomo ndio mkataba, mara nyingi huishia awamu ya kwanza. Ukikubali, andikeni kiasi, tarehe za malipo na majina ya mashahidi, na mpeleke makubaliano mahakamani yaingizwe kwenye kumbukumbu. Kwa panga la kichwani au tindikali, ushauri wangu ni kukataa kikao chochote cha kumalizana. Sheria haikulikusudia hilo, na anayekuita kikaoni analijua.

Mume, mke, mzazi na mwalimu

Bado nasikia ikisemwa vituoni kwamba «hayo ni mambo ya ndani». Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na imetamka hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Cheti cha ndoa si utetezi. Mke au mume aliyepigwa anafuata hatua zilezile nilizozieleza.

Kwa watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza mateso na adhabu za kikatili, na haihalalishi adhabu isiyolingana na umri au hali ya mtoto. Shuleni, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi jukumu hilo kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kiboko cha tano hakina kinga ya kanuni hizo. Vivyo hivyo kwa kiboko cha kwanza cha mwalimu ambaye hakukabidhiwa.

Ukiwa wewe ndiye unayetuhumiwa

Kama nawe uliumia kwenye ugomvi huo, chukua PF3 yako siku hiyohiyo. Mshtakiwa anayesema «naye alinipiga» bila kipande cha karatasi husikilizwa kwa sikio moja.

Polisi, muda wa msingi wa kukuhoji ukiwa chini ya ulinzi ni saa 4, na una haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati wa kuandikwa maelezo. Mashambulizi ya aina zote nilizozitaja yana dhamana. Dhamana haiuzwi, ingawa wapo wanaoifanyia biashara.

Shitaka likisomwa, chunga mdomo. Wengi hujibu: «Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyeanza.» Jibu hilo si kukiri kosa, na hakimu makini ataandika kwamba umekana, lakini usimwachie yeye kazi ya kukuokoa. Kama unadai ulikuwa unajilinda, sema si kweli kwamba umetenda kosa, na utetezi wako ueleze baadaye. Aliyetiwa hatiani kwa kukiri katika Mahakama ya Wilaya hukatiwa njia ya rufaa na kifungu cha 360 cha Sura ya 20, isipokuwa dhidi ya uhalali au ukubwa wa adhabu.

Kujilinda kunalindwa na vifungu vya 18 hadi 18C vya Kanuni ya Adhabu, kwa sharti la kutumia nguvu inayostahili na si zaidi. Mtu akikujia na panga, ukampiga kwa gogo akaliangusha, hapo uko ndani ya sheria. Akigeuka kukimbia na wewe ukaliokota panga lake na kumfuata, umevuka mstari, na kuanzia hapo mshambuliaji ni wewe. Kuchokozwa kwa matusi hakufuti kosa, ila kunaweza kupunguza adhabu, kwa hiyo kutaje wakati wa kuomba nafuu.

Mashahidi wa upande wa pili wakimaliza, waulize juu ya kila jambo unalolipinga. Usipomuuliza shahidi kuhusu jambo la msingi alilolisema, mahakama huchukulia kwamba umelikubali, hata kama baadaye utalikana kwa kiapo. Kumbuka pia kwamba mzigo wa kuthibitisha hauko kwako: ni Jamhuri inayopaswa kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize kuhusu msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na ustawi wa jamii wilayani watakuelekeza.

Fidia na rufaa

Mahakama inapomtia mtu hatiani inaweza kuamuru alipe fidia, kifungu cha 348 cha Sura ya 20, lakini haitakisia hasara yako. Hapa ndipo zile risiti za dawa, nauli za kwenda kliniki na barua ya siku ulizokosa kazini zinapotolewa. Mwombe mwendesha mashtaka aliombe jambo hilo kabla adhabu haijatajwa. Njia nyingine ni kufungua shauri la madai, ambalo muda wake ni miaka 3 tangu siku ya tukio.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, mshtakiwa hutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, kisha huwasilisha sababu za rufaa ndani ya siku 45, na muda unaotumika kupata nakala ya hukumu na mwenendo hauhesabiwi. Ombi la nakala hizo liandikwe siku ileile ya hukumu, likabidhiwe masijala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.